Kifyatulio Chepesi

Gibbon Creek, Idaho
9 Machi 1996

Kaka Merle,

Usishtuke kuona mwandiko badala ya kusikia sauti. Theluji imeangusha nguzo za simu huku juu, na wenye simu hawana haraka na watu wachache kama sisi. Basi tuandikiane, kama zamani ulipokuwa jeshini nami nikikuletea habari za ng'ombe.

Nina shida inayomhusu mtu wa kazi yako. Nataka rivolva ndogo. Ile ya zamani ilikwenda na mto pamoja na tandiko, na yule nyumbu mpumbavu akatoka majini mzima, hana kitu mgongoni, ananitazama kama mimi ndiye mwenye kosa. Tangu niache kuwapakilia mizigo watu wa misitu sikuona haja ya nyingine. Sasa naiona. Nataka kitu cha kuvaa kiunoni nikitembea kando ya kijito, na cha kulengea makopo nyuma ya nyumba jioni. Basi, hakuna zaidi. Sina ugomvi na dubu. Risasi ziwe zile ndogo za ishirini na mbili, zisizopiga teke wala kuziba masikio.

Wewe umekaa na bunduki za watu maisha yako yote. Nichagulie kama unajichagulia mwenyewe, ila kumbuka mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na saba, na mikono yangu si sepetu kama yako.

Ningependa niwe nayo kabla ya kiangazi.

Mdogo wako,
Arlys


Spearfish, Dakota Kusini
17 Machi 1996

Arlys, mdogo wangu,

Nimekupigia simu mara kadhaa. Inaita, inaita, halafu inakata. Nguzo iliyoanguka haiiti, lakini mimi ni fundi bunduki, si fundi simu, kwa hiyo nanyamaza.

Haya, tuingie kazini. Kwanza uzito. Zipo za aluminiamu, nyepesi hata utasahau umeivaa, utaoga nayo. Lakini kitu chepesi hutetemeka mkononi. Kopo utalitisha tu, hutaliangusha. Chuma kinatulia. Mtutu uwe wa inchi nne. Ukiwa mfupi zaidi shabaha inapotea, ukiwa mrefu zaidi utakuchoma paja kila ukikaa kwenye gogo.

Silinda ya kubebea risasi nayo: zipo zinazofunguka kando, ukamwaga maganda yote kwa mara moja, na zipo za kikauboi, unaingiza na kutoa risasi moja moja kwa kijilango. Za kikauboi ni za mtu asiye na haraka. Wewe hujawahi kuwa mtu huyo.

Mwisho ni kifyatulio, na hapo ndipo wengi hulia baada ya kununua. Risasi hizi ndogo hazina kitufe katikati ya kitako. Cha kuziwasha kimo ukingoni, na ukingo unataka kugongwa kwa nguvu. Nguvu inatoka kwenye springi, na springi unaivuta wewe kwa kidole chako. Ndiyo maana kabastola kadogo huwa na kifyatulio kigumu kuliko likubwa. Dawa yake ni kuvuta nyundo, kile chuma cha nyuma kinachogonga, kwanza kwa dole gumba, ndipo kidole cha shahada kibaki na kazi ndogo.

Nijibu: nyoka wapo kijitoni mwaka huu? Na kwale ukimkuta utampiga umle, au utamsalimia tu?

Kakako,
Merle


Gibbon Creek
2 Aprili 1996

Kaka,

Nyoka wapo, wavivu kama kawaida. Kwale nitamsalimia.

Nimekubali yote: chuma, inchi nne, ifunguke kando. Lakini kwenye kifyatulio tusikilizane vizuri. Nataka kiwe chepesi kuliko chochote ulichowahi kumtengenezea mtu. Na nyundo nayo isiwe ya kubishana nami. Baridi ya mwaka huu imenikaa mikononi, na dole gumba limekuwa jeuri. Usinicheke. Usicheke na mwandiko pia, ninaandikia gotini.

Utauliza makopo ya nini, mtu mzima. Unakumbuka mwaka ule mvua ya mawe ilipolaza ngano yote, Baba akakaa barazani akiitazama? Ulinichukua nyuma ya zizi, ukapanga makopo ya asali juu ya uzio, ukanipa ile rivolva ya babu. Mama akatoka na mwiko mkononi, "Nyie mmerukwa na akili? Shamba limekufa na nyie mnacheza?" Nawe ukaninong'oneza, "Piga, Arlys. Angalau kitu kimoja leo kianguke kwa sababu sisi tumetaka." Sijawahi kusahau.

Kwa hiyo ni makopo, kaka. Harakisha.

Arlys


Spearfish
21 Aprili 1996

Mwanamke wewe,

Nimeipata. Ilikuwa ya daktari wa mifugo, mama mmoja aliyeivaa mashambani miaka mingi na kuitunza kuliko mumewe. Ni ya chuma, kitako ni cha mti wa jozi, na rangi ya mtutu imefifia pale ilipokuwa ikisuguana na mfuko. Nikiishika najisikia kuiba.

Nimeifungua yote mezani. Nimelainisha kila chuma kinachogusa chuma. Springi nililegeza mpaka risasi zikaanza kukataa kuwaka, nikairudisha kidogo tu, pale pale mpakani. Nyundo inarudi nyuma kama mlango wa kanisa. Katika kazi yangu yote sijatoa kifyatulio kama hiki, na namtolea mtu anayelenga makopo!

Onyo moja: usiifyatue ikiwa tupu. Pini inayowasha risasi itagonga ukingo wa tundu na kuuharibu.

Nitaileta mwenyewe katikati ya Juni. Weka kahawa, na yale makopo usiyatupe.

Merle


Gibbon Creek
19 Mei 1996

Mjomba Merle,

Shikamoo. Ni mimi Corinne. Nimeacha kazi mjini Boise kwa muda, nimerudi kukaa na Mama. Nimeziona barua zako juu ya meza na nimefurahi kwamba ana mtu wa kumchekesha wakati huu. Kwangu hasemi mengi.

Nataka kukuuliza wewe kwa kuwa bila shaka alikueleza kabla yangu. Tangu daktari alipotoa jibu mwezi Februari, je, alikuambia anataka nini mwishoni? Wanasema ugonjwa huu unaua mishipa inayoiamrisha misuli, na hakuna dawa. Sauti yake karibu imekwisha, naelewa maneno machache tu. Sasa ni mikono. Jana alishindwa kufunga kifungo akanitoa nje ya chumba. Akili yake ni nzima, Mjomba, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Ukija Juni usionyeshe kwamba umeshtuka. Amekonda.

Corinne


Spearfish
27 Mei 1996

Corinne mwanangu,

Marahaba. Hakuniambia. Hakuniambia neno hata moja, nimelijua kwako.

Sasa nisikilize. Mama yako ameniomba rivolva. Ya kulengea makopo, amesema, na kifyatulio kiwe chepesi kuliko vyote. Nami mjinga nimekaa mezani kwangu nikiimba, nikikilegeza. Unajua Baba yetu alivyokwenda, alipoambiwa ana saratani. Kama hujui, muulize mtu mwingine, usimuulize mama yako.

Silileti jambo hilo nyumbani kwenu. Usimwambie kwamba nimejua. Akiuliza, sema fundi anachelewa, mafundi ndivyo walivyo. Kama kuna bunduki yoyote ndani ya nyumba, mpe jirani.

Mjomba wako,
Merle


Spearfish
27 Mei 1996

Dada Arlys,

Kazi imeharibika kidogo. Kuna chuma kimoja ndani kimechakaa na lazima niagize kingine. Sitaweza kuja Juni. Vuta subira.

Merle


Gibbon Creek
20 Juni 1996

Kaka,

Mbona barua yako fupi hivyo, kama ya mtu anayedaiwa?

Sihitaji iwe nzuri. Kama inawaka na kifyatulio ni chepesi, inatosha. Maji ya kijito yameshuka, nyasi zimekauka, Corinne amenipangia makopo juu ya ubao na kila jioni yananitazama. Nimepaka alama kwenye kila kopo kwa rangi ya kucha. Imenichukua mchana mzima, lakini nimeweza.

Ipeleke posta, mpe dereva wa lori, fanya lolote. Mwezi ujao sijui kama nitakuwa na nafasi.

Tafadhali, Merle. Unajua mimi si mtu wa kusema tafadhali.

Arlys


Spearfish
6 Julai 1996

Arlys,

Chuma kilikuja, si chenyewe. Nimekirudisha. Springi nayo imekatika.

Haraka ya nini? Makopo hayaozi. Kaa barazani, pumzika, mwache Corinne akupikie. Nakuwaza kila siku kuliko unavyodhani.

Niambie kitu, mdogo wangu. Huwa unamkumbuka Baba? Namaanisha alivyokwenda. Mimi siku hizi namkumbuka sana.

Kakako anayekupenda,
Merle


Gibbon Creek
25 Agosti 1996

Merle,

Barua hii nimeiandika kwa siku nyingi, mstari leo, mstari kesho. Corinne hunifunga kalamu mkononi kwa kitambaa. Kwa hiyo isome polepole.

Nilimwuliza mwanangu imekuwaje mjomba wake, aliyewahi kutengeneza springi kwa waya wa uzio, ashindwe na springi moja kiangazi kizima. Akalia, akanieleza yote.

Umeniuliza kama namkumbuka Baba. Wewe ulikuwa ng'ambo na jeshi. Mlango wa ghala niliufungua mimi. Nilikuwa na ndoo ya maziwa mkononi, na nakumbuka niliiweka chini taratibu isimwagike, kama vile hilo ndilo lililokuwa jambo la maana. Tangu siku ile sijaingia ghala lolote bila kuita kwanza. Na wewe ukadhani ningemwachia Corinne mlango kama ule aufungue?

Ungeniuliza, kaka. Neno moja tu. Ningekujibu hapana, nawe ungeniamini, maana sijawahi kukudanganya ila hilo la baridi mikononi na hilo la simu. Simu ni nzima. Ilikuwa ikiita nami nimekaa karibu yake, siwezi kuipokea kwa sababu ungesikia.

Nilificha kwa kuwa nilitaka mtu mmoja abaki ananitania. Wengine wote wameanza kunisemesha kama waliobeba mayai.

Daktari aliniambia mikono itafuata sauti. Nikaona bado nina kiangazi kimoja. Nilitaka kusimama nyuma ya nyumba yangu, kwa miguu yangu, nifanye kitu ambacho nilikuwa nakifanya vizuri, nikione kinaanguka. Ndiyo sababu ya kifyatulio chepesi. Hakuna sababu nyingine. Kidole cha shahada kiliacha kunitii mwanzoni mwa mwezi huu. Nakitazama, nakiamrisha, kinalala pale kama cha mtu mwingine.

Sasa huna cha kuogopa. Ilete ukitaka.

Arlys


Spearfish
30 Agosti 1996

Arlys,

Nakuja. Naiweka barua hii posta nikiwa njiani. Pengine nitaitangulia.

M.


Gibbon Creek
22 Septemba 1996

Kaka Merle,

(Mjomba, ni mimi Corinne ninayeandika. Mama anatazama herufi ubaoni, mimi nazifuata. Maneno ni yake, nisipoandika sawasawa ananikazia macho.)

Ulisimama mlangoni umeshika kofia kifuani kama mtu aliyekuja kuuza Biblia. Corinne alikwambia usishtuke. Umeshindwa vibaya sana.

Ulinichagulia vizuri, hilo nilitaka ulijue. Ulipoiweka mkononi mwangu nilijua ungekuwa mwaka wangu bora wa kulenga. Imetulia. Inajua inakoangalia.

Ulipoweka kidole chako juu ya changu tukapiga, kopo likaruka, ukapiga kelele, "Umelipata, Arlys! Umelipata!" Hapana, kaka. Ulilipata wewe. Mimi sikuhisi hata chuma. Usinipe kopo kama unampa mtoto pipi.

Lakini nilipokuonyesha upige peke yako, ukakosa, ukafuta macho, ukakosa tena, fundi mzima wa bunduki, mpaka ukapiga mti wa jirani, hapo nilicheka. Umesikia mwenyewe. Sauti imekwenda, kicheko kimebaki.

Asubuhi ya kuondoka uliniomba msamaha jikoni. Ubao ulikuwa chumbani, ukaondoka bila jibu. Jibu ni hili. Nimekusamehe. Lakini usitake niseme si kitu. Ni kitu. Kilikuwa kiangazi changu.

Rivolva umeiacha. Vizuri. Njoo tena kabla barabara ya mlimani haijafungwa, na ulete ile soseji ya paa unayotengeneza. Siwezi kuimeza, nitainusa.

Arlys


Gibbon Creek
9 Novemba 1996

Mjomba wangu,

Asante kwa kupiga simu, na usirudie tena kusema ungetembea kwa miguu juu ya mlima. Theluji ile isingekuruhusu. Mama alikufa Alhamisi asubuhi, pumzi ilipungua tu, nilikuwa nimemshika kichwa. Hakuhangaika.

Kuna jambo sikuweza kulisema kwenye simu. Ulipoondoka Septemba aliniamuru nijifunze. Mimi, niliyekuwa naogopa hata fataki! Kila mchana hali ya hewa ilipokuwa nzuri nilisukuma kiti chake mpaka barazani nyuma, nikamfunika blanketi, nikasimama mbele yake pale anapoona mkono wangu. Akanifundisha kwa kope. Kufumba mara moja, shusha. Mara mbili, pandisha. Nikivuta kwa pupa alikuwa anaangalia pembeni, kama asiyenifahamu. Mjomba, alikuwa mwalimu mkali! Nilimwambia, "Mama, mimi siwezi hivi vitu," akaukunja uso wote, na nikajua kabisa neno ambalo angelisema, na si la kuandika.

Mwishoni mwa Oktoba niliangusha makopo yote bila kukosa. Niligeuka nikamkuta amefumba macho, nikadhani amelala. Nikamwaga maganda kwenye sahani ya bati, na uso wake ukabadilika. Alikuwa anasikiliza.

Ile rivolva ni yako, uliinunua na kuihangaikia. Niirudishe?

Corinne


Spearfish
1 Desemba 1996

Corinne mwanangu,

Usiirudishe. Niliichagua iwe ya mtu wa nyumba hiyo, na mtu wa nyumba hiyo sasa ni wewe.

Uitunze hivi. Kila ukimaliza kupiga, pitisha kitambaa ndani ya mtutu na katika matundu ya silinda, maana risasi hizi ndogo ni chafu, huacha masizi na nta. Mafuta kidogo tu. Wengi huharibu kwa mafuta mengi. Usiihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi, ngozi hunywa unyevu na chuma kitaota kutu. Kifyatulio usimruhusu fundi yeyote akiguse. Siku kikianza kusumbua, nipigie.

Nilifunga karakana wiki ile ya mazishi na sijaifungua mpaka leo asubuhi. Juu ya meza nilikuta kile chuma nilichomwambia kimechakaa. Hakijachakaa, unajua. Nilikitoa Mei ili iwe kweli kwamba bado haijakamilika, na Agosti, kwa haraka ya kuondoka, sikukiona, nikatengeneza kingine. Ndicho kimo ndani sasa. Ni kizuri sawa na hiki. Nilikaa nimekishika mpaka chumba kikawa baridi.

Utaona ndani ya bahasha hii kuna karatasi mbili. Hii ni ya pili. Ya kwanza nilianza kuandika mambo haya haya ya mafuta na masizi, nikaweka na mzaha juu ya yule nyumbu, nikageuza ukurasa, na hapo ndipo nilipoona kwamba juu kabisa nimeandika "Arlys, mdogo wangu."

Sikuweza kuichana. Kaa nayo wewe.

Mjomba wako,
Merle